Magari Yote Yanavuta Kushoto

Jina lake kamili, jinsi barabara inavyomjua, ni Taratibu wa Shindilia wa Mkokoteni. Taratibu ni yeye mwenyewe, dereva wa boza la maji, mdogo wangu wa tumbo moja. Shindilia ni baba yetu, aliyeendesha ule mtambo wa kushindilia barabara wenye gurudumu la chuma kama pipa, na lami yote ya kutoka stesheni hadi kiwanda cha magunia ni yeye aliyeilaza. Mkokoteni ni babu yetu. Huyo aliwahi kulipandisha sefu la benki mlimani peke yake, wenzake wakiwa wamelikimbia, na alipofika juu aliomba maji ya kunywa na kivuli, basi.

Ukoo wetu haujawahi kukimbia. Watu wanatutania kwamba sisi hata kwenye mazishi yetu wenyewe tutachelewa. Sawa, watanie. Lakini waulize kama kuna mtu yeyote mji huu aliyewahi kugongwa na mmoja wetu, kuanzia mkokoteni, kuja shindilia, mpaka boza. Hayupo. Mwaka wa ukame Taratibu ndiye aliyepeleka maji hospitalini, akila ndani ya kabini na kulala humohumo. Mwaka wa mafuriko alilirudisha boza kinyumenyume kutoka katikati ya daraja lililokuwa linatikisika, magari yote ya nyuma yakimtangulia kurudi kama kondoo, na hakuna hata taa moja iliyovunjika. Nayaandika haya mimi dada yake, niliyembeba mgongoni kabla hajajua gurudumu ni nini.

Sasa nije kwenye habari ya gari la rimoti.

Taratibu alikuwa amechoka. Sisemi uchovu wa siku moja, ule wa kuoga ukaisha. Alikuwa akirudi kutoka kazini anaketi kwenye kiti cha uani na viatu miguuni, mikono bado imekunjika kana kwamba ameshika usukani. Ukimpa chai anaipokea, anaisahau, inapoa mkononi. Kabla hakujakucha ameshatoka tena kupanga foleni kwenye kituo cha kujazia maji. Nilimwambia apumzike, akaniambia, "Dada, kiu haina likizo."

Lakini kilichoninyima raha hakikuwa uchovu wake. Ulikuwa ubavu wa kushoto wa lile boza. Mwaka huo ulianza kuchubuka. Kwanza akakwaruza nguzo ya lango la shule. Halafu ukuta wa mashine ya kusaga. Kisha kioo cha pembeni kikang'oka, chote na shingo yake, na kila ukimuuliza jibu ni lilelile: "Usukani unavuta kushoto."

Fundi wa magari alilipima boza, akasema liko sawa. Taratibu akamtafuta fundi mwingine. Wa pili naye akasema liko sawa. Akahama gereji.

Na wateja wa boza husimama wapi? Kushoto. Koki iko kushoto, mpira wa maji uko kushoto, kwa hiyo akina mama na ndoo zao wamejipanga kushoto, na watoto wao miguuni mwao. Nililiona hilo waziwazi kama ninavyoiona karatasi hii. Nikamwambia, mdogo wangu, nenda kapimwe macho. Akavuta gazeti lililokuwa limefungia vitunguu akanisomea tangazo la viwanja, zile herufi ndogo ndogo za chini, bila miwani, bila kukwama.

"Haya, Dada. Soma na wewe tuone."

Sikuweza kulisoma, nikaiacha hiyo habari kwa siku ile.

Tunaishi naye ua mmoja, mimi, yeye na mke wa mwanawe, pamoja na mjukuu wetu ambaye tunamwita Honi. Jina hilo alilipata siku aliyozaliwa, maana alipolia majirani walitoka kutazama lori gani limeingia uani. Honi ana miaka minane na hataki mwanasesere. Ukimpa mwanasesere anamvua kichwa atazame ndani mna nini. Yeye alikuwa na ombi moja kwa babu yake, gari la rimoti.

"La kuendesha kweli, Babu. Sio la kusukuma kwa mkono."

"Na ukilipata utanipa lifti?"

"Wewe nitakufanya utingo."

Babu yake akacheka mpaka akakohoa. Nilikuwa sijamsikia akicheka siku nyingi. Majirani wakasema gari kwa mtoto wa kike la nini. Nikawajibu kwamba mtoto wa ukoo wetu ataendesha chochote chenye magurudumu, na asiyependa afumbe macho likipita. Gari la rimoti lilikuwa halijaingia kwenye ukoo wetu hata siku moja. Watoto wetu waliendesha makopo ya samaki yaliyotobolewa na kutiwa vifuniko vya chupa.

Siku ya mapumziko yake tukaenda kununua, mimi na yeye. Alivaa shati lake la kola na kalamu mfukoni, kama anakwenda kupokea lori la serikali. Duka lenyewe ni refu na jembamba, limejaa plastiki hadi dari: beseni, poti za watoto, mipira kwenye neti, ndoo zimepandana. Muuzaji alikuwa msichana mwenye kucha ndefu na subira fupi. Akateremsha boksi, akatoa gari jekundu lenye antena, akatia betri, akaliweka sakafuni.

"Liko poa, Mzee. Nikufungie?"

Taratibu akamtazama kama mtu aliyetukanwa.

Madereva wana kawaida yao. Gari jipya huliondoi kabla hujalizunguka na kulijaribu, hata uwe na haraka ya kwenda kuzika. Basi akalizunguka lile gari. Aliinama, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akalipindua kutazama chini, akauliza kama linakula betri sana. Msichana akatafuna ubani wake.

"Mzee, hiki ni kitoto cha gari. Hakina bima."

"Kitoto ndicho kinachohitaji kuangaliwa, mwanangu. Nipe hiyo rimoti."

Akaliondoa. Lilikwenda vizuri, polepole, katikati ya duka, halafu likaparamia poti za watoto zilizopangwa kushoto. Poti zikaporomoka. Akalirudisha nyuma, akaanza upya. Likachukua ndoo, za kushoto vilevile.

"Linavuta kushoto," akasema. "Lete lingine."

Msichana akaleta la bluu. La bluu likaingia kwenye mipira. Akaleta la kijani. La kijani likampanda mteja kwenye kiatu, mama wa watu aliyekuwa amesimama akichagua beseni, naye akaruka akapiga kelele.

"Wewe mzee, hunioni?"

"Samahani, mama. Magari yao yote yanavuta kushoto. Kiwanda kibovu."

"Kiwanda kibovu!" msichana akasema. Akalichukua lile la kijani, akaishika rimoti kwa vidole viwili kwa ajili ya zile kucha, akalipeleka hadi mlangoni likarudi limenyooka kama uzi. Akafanya hivyo na la bluu. Akafanya na jekundu. "Mzee, umezoea boza. Haya magari hayana tatizo."

Mimi nilikuwa nyuma ya Taratibu, na nilikuwa simtazami msichana wala magari. Nilikuwa namtazama mdogo wangu. Kila gari lilipoingia kwenye vitu, yeye hakushtuka. Mtu akiona anakwenda kugonga, mwili hutangulia kujua, bega linapanda, mguu unatafuta breki hata kama hakuna breki. Bega lake halikupanda. Alishtukia mlio tu.

Tukalichukua jekundu. Njiani alitembea na boksi kifuani, mimi nikahamia upande wake wa kushoto. Nilipomgusa mkono alishtuka kidogo, kama mtu aliyedhani yuko peke yake.

Tulipofika Honi alipiga kelele ile iliyompa jina. Alilikumbatia boksi, akamkumbatia babu yake, akanikumbatia na mimi, akarudi kwenye boksi. Mama yake alikuwa kwenye cherehani yake kazini, hapo jirani, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumwambia anyamaze. Uani kwetu pana saruji mbele ya vyumba, pametandazwa vizuri, na ndipo alipoanza. Mtoto yule alijifunza rimoti kwa muda wa kunywa maji. Akazunguka kamba ya nguo, akapita chini ya kiti changu, akapaki sambamba na kandambili zangu.

"Babu, sasa zamu yako. Ngoja nipange wateja."

Akakusanya makopo matupu, ya maziwa na ya rangi, akayapanga safu mbili, kushoto na kulia, kila kopo akalipa jina. Huyu mama mwenye ndoo, huyu mama mwenye mapacha, huyu yule mzee mgomvi wa kona. Katikati akaacha njia pana ya kutosha.

"Hili ni boza. Pita katikati, Babu. Usimwage mtu."

Taratibu akainuka kutoka kitini, viatu bado miguuni, akashika rimoti. Akapita. Safu ya kulia ilibaki imesimama. Safu ya kushoto ilianguka, kopo baada ya kopo, mpaka la mwisho.

Honi akadhani ni mzaha. Akacheka hadi akakaa chini. "Babu, umewagonga wote! Umemgonga mama wa mapacha!"

"Linavuta kushoto hili."

"Halivuti. Nipe." Akalipitisha, halikugusa kopo. Akalirudisha, halikugusa. "Umeona? Rudia. Usifanye makusudi."

Akarudia. Yakaanguka yaleyale.

Nilitaka kumwambia mtoto basi, inatosha, njoo unioshee vikombe. Lakini Honi akayatazama makopo, akamtazama babu yake, akafikiri njia ya kumsaidia. Akayasukuma makopo ya kushoto kwa mguu, akasimama yeye mwenyewe mahali pake, wima, mikono imebana mapajani.

"Haya. Mimi ndiye mteja. Nina ndoo yangu kichwani. Mimi huwezi kunigonga, Babu, mimi ni mkubwa."

Gari likaanza kuja, taratibu, jinsi yeye anavyoendesha kila kitu. Lilikuja moja kwa moja, likampiga Honi kwenye kifundo cha mguu. Halikumuumiza. Alisema "Ah!" kwa kushangaa tu.

Taratibu akageuza shingo, uso wote, mpaka macho yakamfikia.

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Hapahapa, Babu."

"Umetokea wapi, nauliza?"

"Sikutokea. Nilikuwa hapahapa. Sikusogea."

Mdogo wangu aliinua mkono wake wa kushoto akaupeleka pembeni ya uso, akauleta mbele polepole, kama mtu anayevuta pazia, kuona utaonekana wapi. Ulichelewa sana kuonekana. Akaurudisha, akauleta tena. Kisha akampa Honi rimoti kwa heshima, kama anamkabidhi mtu mkubwa, akaketi.

"Nenda kamwonyeshe mama yako gari," nikamwambia mtoto. "Mwambie Bibi amekutuma." Akaenda anakimbia, ndiye wa kwanza katika ukoo.

Tulikaa. Jua la mchana lilikuwa limejaa uani, na yeye alionekana mzee kuliko mimi.

"Dada, umejua tangu lini?"

"Kuhofia, muda. Kujua, leo dukani."

"Mimi nilidhani ni gari. Hapana, nadanganya. Nilitaka iwe gari. Gari lina fundi."

"Hata jicho lina fundi."

"Nikiacha usukani nitakuwa nani, Dada? Niambie. Nitakaa hapa na wewe tunachambua mchele?"

"Mchele unachambuliwa na wenye macho," nikamwambia, "kwa hiyo hata hiyo kazi hupati."

Akacheka, bila sauti, mabega tu. Halafu mabega yakaendelea kutikisika na hakikuwa kicheko tena. Nikamwacha. Alipomaliza alijifuta kwa kola ya lile shati la safari. Akasema maneno ambayo sijayasahau: "Kumbe nimechoka siku nyingi. Nilikuwa tu sijapata mahali pa kukaa."

Nilimwuliza kuhusu utingo wake. Huyo ni mtu mzima, ana ndevu zenye mvi, wamekuwa pamoja tangu boza lile lilipokuwa na rangi yake ya kwanza. Watu wanamwita Mpira kwa sababu mpira wa maji ndio kazi yake. Nikauliza, Mpira hajui?

"Mpira siku hizi anagonga bodi la gari kuliko zamani," akasema. "Zamani anagonga mara moja simama, mara mbili twende. Sasa anagonga njia nzima kama mpiga ngoma. Nilidhani anazeeka."

Kesho yake niliongozana naye kliniki ya macho. Tulikaa kwenye benchi refu na watu waliofungwa pamba, tukisogea kila jina linapoitwa. Daktari alimkalisha mbele ya mashine nyeupe kama beseni lililolazwa ubavu, akamfunika jicho moja, akamshikisha kitufe, akamwambia abonyeze kila aonapo nuru. Nilikuwa naziona zile nuru nikiwa nimesimama nyuma. Zilikuwa zinawaka, zinazimika, na kidole chake kimetulia. Zikiwaka upande wa kulia kinabonyeza. Zikirudi kushoto kinangoja.

Daktari hakuzunguka. Akamwambia ni presha ya macho, imekula upande wa kushoto kimyakimya kwa miaka, na kilicholiwa hakirudi. Dawa ya matone italinda kilichobaki. "Gazeti utaendelea kusoma, Mzee. Ila gari, hapana."

"Hata mpaka mwisho wa mwezi?"

"Hata kulitoa kliniki hapa."

Hatukuwa tumekwenda na gari, tulikwenda kwa miguu. Akataka kusema hivyo, akaona haina maana.

Alipofika nyumbani alimpigia tajiri wake, mwenye boza. Nilikuwa karibu, nilisikia ile sauti ya upande wa pili ikipanda: Mzee, siku mbili tatu tu, nitafute mtu, wateja wamelipa. Ni hapo ndipo nilipoogopa, maana Taratibu ni mtu wa kuombwa. Hajawahi kumkatalia mtu mwenye shida ya maji. Aliishika simu muda mrefu sikioni. Nikawaona kichwani wale akina mama wamejipanga, na ninadhani yeye pia aliwaona, labda kwa mara ya kwanza mwaka ule.

"Tajiri," akasema, "jana nimemgonga mtoto."

"Nini? Mtoto mzima?" ile sauti ikauliza.

"Mzima. Lilikuwa gari la kuchezea. Lakini nimemgonga, na sikumwona. Mpira ana leseni ya malori, imekaa mfukoni mwake bure kwa ajili yangu. Mpe yeye."

Mpira akaja asubuhi iliyofuata, akasimama mlangoni bila kukaa, kofia mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kumsema. Mtu unajua mwenzako haoni, unagonga bodi tu? Lakini nilipomwona macho yamevimba kwa kukosa usingizi nikamwekea chai.

"Mama, ningesema nini?" akaniambia mwenyewe, bila kuulizwa. "Huyu ndiye aliyenifundisha gia. Nilisema niwe jicho lake, itatosha."

"Haikutosha," Taratibu akasema.

"Nimeona, Kaka."

"Kaa chini. Kunywa chai ya Dada kabla haijapoa, ataleta maneno."

Akakaa. Mdogo wangu akatoa funguo mfukoni, kishada chote, ya mlango, ya kuwashia, ya kufuli la koki, akaziweka juu ya stuli kati yao. Mpira hakuzigusa.

"Utamtafuta utingo wako," Taratibu akasema. "Mtu mzima, si mtoto wa mtu anayetaka kupanda magari. Akishuka atangulie kwa miguu, apeane mkono na wale akina mama, ahesabu watoto, ndipo akugongee. Asipogonga, usitie gia, hata tajiri akikupigia simu matusi."

"Sawa."

"Gia ya pili inang'ata asubuhi. Ibembeleze."

"Najua, Kaka."

"Najua unajua. Acha niseme." Akanywa chai yake yote kwanza. "Kule mteremkoni, nyumba yenye mlango wa bati, kuna bibi anaishi peke yake. Hawezi kubeba. Usimjazie ndoo njiani ukamwacha nazo. Vuta mpira mpaka ndani, ujaze pipa lake hadi shingoni, ufunike. Anza na yeye leo, maana jana hatukwenda."

Mpira akachukua funguo, akasimama.